Punda Aliyebaki

“Wewe ndio unasoma, si uniambie. Huyu anangoja nani?”

Baba aliniuliza hivyo Jumatatu moja asubuhi, amesimama kwenye lango letu kule Kapseret na kamba mkononi, akimtazama punda aliyekuwa ameukodolea macho mlango wa ua. Nilikuwa darasa la saba. Nilikuwa nambari mbili katika darasa la watoto sitini, na nilikuwa na maoni kuhusu kila kitu, kuanzia mbolea hadi mbinguni. Kwa hilo nilimwambia tu nimechelewa shule, nikaenda.

Enzi zetu. Najua mtacheka, kwa sababu sijafika hata thelathini, na wazee wetu wanaamini enzi ni mali ya watu wenye mvi. Lakini dunia imekimbia kiasi kwamba hata mtu wa miaka ishirini na minane tayari ana enzi zake. Sisi tuliokunywa maji yaliyoletwa na punda, tukaruka kamba ya blada katikati ya barabara bila kuogopa gari, tukajificha kwenye mahindi wakati wa brikicho mpaka mama zetu wakadhani tumeibwa, tuna haki ya kulitumia hilo neno. Na kama ulikulia upande wetu wa uwanja wa ndege, unazikumbuka asubuhi zake. Baridi ilikuuma masikio kama ina meno. Ukungu ulilala juu ya mahindi. Jikoni kulikuwa na moshi wa kuni mbichi na uji wa wimbi uliochacha vizuri, ule wa kukunja uso unapoumeza. Halafu kutoka barabarani ukasikia magurudumu ya mkokoteni yakilia, na mitungi mitupu ikigongana, na ukajua Baba ameshaanza siku.

Baba alitoka Bungoma akiwa kijana kuja kuvuna mahindi kwenye mashamba makubwa. Alichoka kuvunia watu, akanunua punda wawili. Wa kwanza alikuwa mkubwa, mweusi, mwenye kifua mbele, akaitwa Jenerali. Wa pili alikuwa wa kijivu, na mdomo wake mweupe ulimfanya aonekane kama mtu aliyenawa uso akasahau kusuuza povu. Huyo akaitwa Sabuni. Asubuhi walipeleka mikebe ya maziwa ya majirani kwenye kituo cha kukusanyia, na mchana wote walibeba maji kutoka kisima cha kanisa wakiyazungusha nyumba kwa nyumba.

Tulikuwa na mchezo ambao sijausikia mahali pengine. Ndege za kutua zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa tukio. Tulipanda juu ya ua wa mbao, watoto wanne au watano, tukayatazama masikio ya punda. Sisi tukiwa hatujasikia chochote, sikio moja la Jenerali lilizunguka polepole, peke yake, kama kijiko kinachokoroga chai. La pili likafuata. Kisha ya Sabuni yakageuka yote mawili kwa pamoja, maana Sabuni alikuwa mtu wa kuunga mkono hoja. Aliyetaja wa kwanza upande itakakotokea ndege alipewa ngumu, yale mandazi magumu ya dukani kwa Mama Shiro, ambayo ukimrushia mbwa anakimbia. Juzi nilimweleza binamu yangu wa miaka kumi na sita kwamba tuliweza kukaa saa nzima tukiangalia masikio ya punda. Akanitazama kwa huruma. “Kwani bando ilikuwa imeisha?”

Wale punda walinifundisha mambo ambayo sikujua ni masomo. Baba alisema punda husalimiwa begani. Ukija kwa nyuma wewe ni mwizi, na mwizi hupigwa teke. Macho yao yako pembeni mwa kichwa, wanaona karibu pande zote, lakini nyuma ya mkia hawaoni, na mbele kabisa ya paji la uso hawaoni pia. Basi ulimkaribia kwa ubavu, unaongea, unaweka mkono juu ya bega, unangoja. Baba hakusoma hayo popote. Aliyasoma kwenye paja lake, ambapo kulikuwa na alama ya kwato.

Ndiyo maana nilipata taabu siku mwalimu wetu wa Kiswahili alipoandika ubaoni “Shukrani ya punda ni mateke.” Niliinua mkono.

“Mwalimu, alikuwa amesaidiwa nini?”

“Nani?”

“Punda. Kabla ya kurusha teke. Na huyo mtu alikuwa amesimama upande gani?”

Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mwalimu akaniambia hilo ni swali zuri sana, niliandikie insha, na nikiiandika niwe nimepiga magoti. Niliiandika. Magoti yaliniuma, lakini hata leo sijabadilisha msimamo. Yule aliyetunga methali ile alikuja kwa nyuma.

Walikuwa na akili. Walijua lango la kila mteja. Ukiwapeleka njia mpya mara mbili, ya tatu wanakupeleka wewe. Kulikuwa na nyumba moja ya mwalimu aliyehamia Timboroa, na kwa miezi mingi baada ya yeye kuondoka mkokoteni ulisimama pale kila mchana, punda wawili wamenyamaza, wakingoja mtungi ushushwe. Baba aliwaacha wasimame kidogo, halafu akawaambia, “Haya, hajarudi,” nao wakaendelea. Kitu walichokiogopa ni maji ya barabarani. Dimbwi la mvua, hata likiwa na kina cha kidole, Sabuni aliliona kama ziwa. Alisimama, akanyoosha shingo, akapuliza puani. Jenerali alitangulia kwato moja, ya pili, na Sabuni akafuata ubavuni mwake akiwa amemwegemea. Sikumwona hata siku moja akivuka maji bila Jenerali.

Jioni Baba alipowafungua nira walibiringika kwenye jivu nililomwaga nyuma ya jikoni, miguu juu kama watoto, kisha wakasimama wakikunana shingo kwa meno, huyu akimkuna yule, macho nusu yamefumba. Baba aliwatazama na kikombe chake cha chai. Nira ile aliizungushia sweta yangu kuukuu ya shule ili isiwachubue, nikaaibika kufa. “Nekesa, ndugu yako leo amevaa yunifomu!” watoto walinipigia kelele. “Mwambie afunge kifungo!”

Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu nyumba yetu, na nadhani lilikuwa hivyo kwa wengi wenu. Baba aliachia shule darasa la nne. Mama hakufika hata hapo. Basi kila kitu chenye maandishi kilikuja kwangu: barua ya shule, gunia la mbolea, chupa ya dawa. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, Baba alitaka kuwaosha punda kwa dawa ya kupe bila kuipunguza, kwa sababu jirani alimwambia hivyo ndivyo inavyofanya kazi haraka. Nilisoma karatasi ya chupa, nikamwambia itawaunguza ngozi. Akaenda kuteka ndoo ya maji ya kuipunguzia. Toka siku hiyo, katika boma letu, neno la mwisho likawa la kitabu, na kitabu nilikibeba mimi. Wageni wakija na ushauri, Baba aliwasikiliza kwa heshima, kisha akauliza, “Nekesa amesema nini?” Mtoto wa miaka kumi na mbili hapaswi kupewa kitu kama hicho. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Ilikuwa Jumamosi, likizo ndogo ya muhula, jua limetoka baada ya mvua. Jenerali alikataa majani. Kisha akaanza kukitazama kiuno chake mwenyewe, kama aliyeitwa kutoka huko nyuma, akalala, akaamka, akalala tena. Akalowa jasho. Baba alimtembeza akizunguka boma. Mama alileta mafuta ya kupikia na maji ya vuguvugu. Simu ya daktari wa mifugo iliita bila kushikwa. Jenerali alipoanza kujirusha, Baba aliogopa Sabuni angeumizwa, akaniambia nimpeleke nyuma ya duka la Mama Shiro nimfunge huko. Nilimfunga kwenye mti wa ua. Alianza kulia kabla sijafika barabarani, ule mlio wao unaoanza kama pampu kavu ya kisima na kuishia kama mtu anayekosa pumzi.

Saa tisa mchana Jenerali alikuwa amekufa. Baba alivua kofia. Alikaa juu ya mtungi, akautazama ule mwili mkubwa, kisha akasema bila kugeuka:

“Nendeni mniletee Sabuni.”

“Wa nini?” nikauliza.

“Amwone mwenzake.”

Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa. Baba yake alikuwa na ng’ombe wa jembe, wawili wawili. Mmoja akifa, mwingine aliletwa, akaachwa pale. Hakuna aliyemwondoa. Mwili ulifunikwa magunia na kuzikwa kesho yake. “Babu yako hakuwahi kumficha mnyama maiti ya mwenzake,” akasema.

Na mimi nikasimama katikati ya boma, nikiwa na sketi yenye viraka na kichwa kilichojaa, nikamweleza. Kitabu cha Sayansi kinasema mzoga usisogelewe na mnyama mwingine. Kuna ugonjwa wa kimeta. Uzikwe siku ile ile, shimo refu.

“Kimeta hutoa damu puani,” Baba akasema. “Huyu hana damu. Huyu ni tumbo.”

“Kitabu kinasema.”

“Usiku mmoja tu, Nekesa.”

“Baba, hayo ni mambo ya watu ambao hawakusoma.”

“Nekesa!” Mama akasema. Jina tu.

Kutoka dukani tulimsikia Sabuni akiita. Baba alinitazama. Sikuona hasira. Niliona mtu aliyeshikwa mahali ambapo hakuwa na kitu cha kujikinga nacho, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenipa ile fimbo. Akaamka, akayapangusa magoti yake vumbi.

“Basi. Lete jembe.”

Tulichimba nyuma ya mahindi, majirani wakatusaidia kumvuta, na kabla jua halijashuka shimo lilikuwa limefukiwa na kusawazishwa. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilikuwa nimeikinga familia dhidi ya ugonjwa. Kitabu hakikudanganya, nataka nikitendee haki. Kilikuwa kinazungumza juu ya ugonjwa mwingine, na niliyekisoma nilikuwa sijui kuna tofauti kati ya kusoma na kujua.

Tulipomrudisha Sabuni, aliingia haraka, akinivuta. Alikwenda moja kwa moja mahali Jenerali alipolala. Akaweka pua chini. Aliinusa ile ardhi kipande kwa kipande, akapandisha mdomo wa juu mpaka meno yakaonekana, akasimama hivyo, kichwa hewani. Kisha akazunguka boma lote: jivu, hori, mkokoteni. Mwisho akaenda kusimama mbele ya mlango wa ua, akitazama barabara ambayo wote wawili walikuwa wakirudi nayo kila siku. Masikio yote mawili mbele.

Jumapili tulienda kanisani tukamwacha hapo, tukarudi tukamkuta hapo. Jumatatu ndipo Baba akaniuliza lile swali. Kwa miaka mingi nilifikiri aliniuliza kwa sababu hajui.

Jumanne alimfunga nira peke yake, kwa sababu watu walikuwa bila maji na sisi tulikuwa bila kitu kingine. Nilikuwa natoka shule niliposikia kelele kwenye stendi ya bodaboda. Sabuni alikuwa amesimama katikati ya barabara, mbele yake dimbwi la mvua lisilozidi upana wa mkeka, na mitungi imejaa nyuma yake.

“Baba Nekesa, huyo amegoma!” mmoja wa bodaboda akapaza sauti. “Huyo ni mwalimu!”

“Anataka nyongeza!”

“Mpe barua ya onyo kwanza, usimfute kienyeji!”

Baba alicheka pamoja nao mwanzoni. Akamvuta kwa kamba. Akamsukuma kwa bega. Akaongea naye sikioni, kwa Kibukusu, maneno ambayo sikuyasikia. Gari lilikuwa nyuma likipiga honi. Halafu Baba, ambaye sijawahi kumwona akiinua mkono juu ya mnyama, akachukua kipande cha mpira wa maji kwenye mkokoteni akampiga. Mara tatu. Mgongoni, mgongoni, shingoni. Sabuni hakuruka wala kurusha teke. Alisimama tu, masikio yamelala kando, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Na sisi wote pale, Baba na bodaboda na mimi na yunifomu yangu, tuliita ule ukaidi. Nimejifunza baadaye kwamba farasi akiogopa hukimbia, na punda akiogopa husimama. Woga wake hauna kelele. Ndiyo sababu anaitwa mkaidi na kila mtu mwenye haraka.

Mpira ukaanguka kutoka mkononi mwa Baba. Akamfungua Sabuni nira. Akaingia yeye mwenyewe kati ya miti ya mkokoteni, akaikamata, akainama, akaanza kuvuta. Yule aliyesema kuhusu walimu alishuka kwenye pikipiki yake, akaja kusukuma kwa nyuma. Mimi nilifuata na punda. Tulipita lile dimbwi kwa kulizunguka shambani, kwa sababu hakukubali njia nyingine, na mteja wa kwanza alipofungua lango akaona ni nani amefungwa kwenye mkokoteni, alirudi ndani akajifanya anatafuta mtungi.

Jumatano nilimletea Sabuni mabua mabichi, maganda ya viazi, hata chapati ambayo Mama hakujua. Alikichukua kila kitu kwa midomo, taratibu, kwa adabu, akakishika kidogo, kikaanguka. Alhamisi hakukichukua. Ijumaa alilala, na pumzi yake ilikuwa na harufu ambayo sikuielewa. Jumamosi, juma moja kamili, Mama alitoka kuwasha moto, akarudi ndani akasema, “Baba Nekesa, njoo.”

Alikuwa amekufa akiwa ameelekea mlango.

Baba alienda kuchukua jembe mwenyewe. Hakuniuliza kitabu kinasema nini. Mimi nilikuwa nalia kile kilio cha hasira, cha mtoto anayetafuta mtu wa kumpa mzigo, na nikamwona pale, mgongo wake umeinama, na nikampata.

“Umemuua!” nilimwambia. “Wewe ndiye ulimpiga.”

Jembe likasimama. Nilitaka abishane. Angesema alikuwa mgonjwa, angesema alikuwa mzee, angenichapa hata. Alisema neno moja tu.

“Nilimpiga.”

Akaendelea kuchimba.

Baada ya hapo maisha yalienda kama yanavyoenda. Mkokoteni ulikaa nyuma ya jikoni mpaka mchwa wakaumaliza. Baba alikwenda Moi’s Bridge kugeuza mahindi ya wafanyabiashara juani, akija nyumbani mwisho wa wiki na vumbi la maganda kwenye nyusi. Hakufuga tena. Hata kuku walikuwa wa Mama, na akiwapita aliwapisha. Mtu akimwambia kuna punda mzuri anauzwa, alisema, “Mimi si mtu wa punda,” na mazungumzo yakaisha. Siku niliyomaliza chuo kikuu alivaa koti la kuazima, akasimama mbele ya wageni, akasema, “Huyu ndiye alikuwa ananisomea.” Watu wakapiga makofi. Mimi nilikitazama chakula kwenye sahani yangu.

Huko chuo nilijifunza kuuliza kila kitu. Niliuliza kuhusu Mungu, serikali, mahari, methali. Marafiki zangu waliniita Mama Ushahidi. Nilidai kila mtu anionyeshe alikolipata neno lake. Mimi mwenyewe nilitembea miaka yote hiyo na shtaka moja ambalo sikuwahi kulikagua, kwa sababu lilinifaa.

Mwaka juzi Baba aliugua. Wiki ya mwisho, hospitalini, akili yake ilikuwa safi lakini sauti ilikuwa imebaki kidogo. Alinishika mkono.

“Nekesa. Yule punda nilimpiga.”

Ningeweza kusema jambo. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na maneno ya lugha tatu. Nikasema, “Baba, hiyo ilikuwa zamani.” Hilo ni jibu la mtu anayesamehe. Nilimsamehe baba yangu, nikamwinulia mto, naye akafa siku tatu baadaye akiwa na msamaha wangu.

Ukienda Kapseret leo hutausikia mlio wa magurudumu yale. Maji yanaletwa kwa pikipiki, mitungi sita imefungwa kwa mpira, na kijana anayeyaleta anakupigia simu akiwa langoni badala ya kubisha. Ndege ni nyingi, hakuna anayeinua kichwa. Mahali tulipochezea brikicho pana nyumba za kupangisha zenye vigae vya buluu. Vijana wetu wanajua majina ya magari ambayo hawatayapanda, lakini ukiwaonyesha punda wanaenda kusimama nyuma yake wapige picha. Ninawacheka, na huku nawaonea wivu. Wakitaka kujua jambo wanauliza simu, na simu ikikosea, hakuna mtu wao anayeinama kuchukua jembe kwa sababu wamesema. Sisi tuliaminiwa kupita kiasi. Kizazi chetu kilisomea wazazi wake barua, dawa na hukumu, na sidhani kuna aliyewahi kutuambia kwamba mwenye kusikiliza naye huenda anajua.

Miezi michache iliyopita nilikuwa nyumbani kwa Mama. Kwenye uwanja ulio karibu na soko kulikuwa na madaktari wa mifugo wakitibu punda bure, wakikata kwato na kutoa dawa za minyoo. Wamebaki punda wachache, wengi wa kubeba kuni, lakini foleni ilikuwa ndefu. Nilisimama pale kwa mazoea ya kusimama. Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa viatu vya gambuti hadi magotini, akimkaribia kila punda kwa upande wa bega na kuongea naye. Nilimngoja amalize.

“Daktari, samahani. Kupigwa kwa mpira mara tatu kunaweza kumuua punda?”

Alinitazama aone kama namtania. “Hapana. Inamuumiza, na ni makosa. Lakini hafi kwa hiyo. Kwani alikuwa anakula?”

“Hapana. Siku tano, sita.”

“Basi hiyo ndiyo ilimuua. Punda akiacha kula, mafuta ya mwili wake yanamwagika kwenye damu, ini linashindwa. Siku chache tu ameenda. Alikuwa na maumivu mahali? Meno?”

“Mwenzake alikuwa amekufa. Walikuwa wawili.”

“Aha,” akasema, na sauti yake ikashuka. “Na huyo aliyebaki, alimwona?”

Nilisema hapana. Nilisema tulimzika haraka. Hakuniuliza nani aliamua. Alinieleza tu, akisuuza kisu chake kwenye ndoo, kitu ambacho wao hufundishwa na ambacho babu yangu, na ng’ombe wake wa jembe, hakuhitaji kufundishwa: kwamba punda aliyefiwa hapaswi kuondolewa. Aachwe na mwili. Atamnusa, atamsukuma kwa pua, pengine atampiga kidogo kwa kwato za mbele kana kwamba anamwamsha, na atalia. Halafu, mara nyingi ndani ya saa chache, bila kuvutwa na mtu, hugeuka mwenyewe na kwenda kula.